Kutoka Wakati Soko Limelala: Njia za Kisheria kwa Mfuko wa Mtaji Binafsi

Tuseme kuna kampuni ya yadi ya makontena pale Miritini. Ni kampuni ya kubuni, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi ya forodha Mombasa anaweza kuichora kichwani: ukuta mrefu wa matofali, mizani ya malori langoni, mashine tatu za kunyanyulia makontena ambazo moja haikosi kuwa mbovu, na ofisi ya ghorofa moja yenye picha ya mwanzilishi ukutani. Mwaka 2014 mfuko mmoja wa mtaji binafsi ulinunua asilimia 40 ya hisa za kampuni hiyo kwa shilingi milioni 870. Dola wakati huo ilikuwa takriban shilingi 87, kwa hiyo mfuko, ambao hesabu zake ni za dola, uliandika vitabuni kwamba umeweka dola milioni 10.

Yaliyofuata watu wa Pwani wanayajua. Reli mpya ilianza kazi mwaka 2017, na baadaye makontena mengi yakaelekezwa kupanda treni moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi, yakazipita yadi za Mombasa. Mwaka 2020 ikaja korona. Januari 2024 dola ikavuka shilingi 160 kabla ya kurudi karibu na 130 katikati ya mwaka huo. Hata kama mfuko ungepata mnunuzi wa kuurudishia shilingi zake milioni 870 zote bila kupungua hata moja, kwa kiwango cha shilingi 130 zingekuwa dola milioni 6.7 tu. Na mnunuzi huyo hayupo.

Mfanyabiashara wa kawaida angesema: basi tungoje. Mfuko wa aina hii hauna uhuru huo. Fedha zake ni za watu wengine, yaani mifuko ya pensheni, kampuni za bima na taasisi za maendeleo za Ulaya, ambao wamemkabidhi meneja kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 10 pamoja na nafasi ya kuongeza mwaka mmoja au miwili. Meneja hukusanya fedha, hununua sehemu za kampuni, huzikuza, kisha huuza na kurudisha. Faida yake yote inakaa kwenye ile siku ya kuuza. Kwa hiyo mdororo wa uchumi unapomkuta akiwa mwaka wa 10, anabanwa na vitu viwili kwa pamoja: kalenda inayomwambia atoke, na soko lisilo na mtu wa kumpokea.

Nina hoja moja, na maelezo yote yanayofuata yanaitegemea. Mdororo haumpi mwekezaji njia mpya ya kutoka. Unamwachia zile alizoziandika siku ya kuingia, kisha unaanza kuzipunguza moja baada ya nyingine. Ndiyo maana wakili anayeulizwa "tutatokaje?" hatazami bei kwanza. Anaomba aletewe nyaraka mbili.

Nyaraka mbili zisizofanana

Ya kwanza ni mkataba wa wanahisa, ya pili ni katiba ya kampuni iliyosajiliwa kwa Msajili. Watu huzichanganya, na wakati wa raha kosa hilo halimuumizi mtu. Mkataba wa wanahisa ni siri ya waliotia sahihi, na huwafunga wao tu. Katiba ya kampuni humfunga kila mwanahisa, aliyepo na atakayekuja, na huifunga kampuni yenyewe. Sasa, karibu haki zote za kutoka huandikwa kwenye mkataba: haki ya mfuko kumlazimisha mwenzake auze naye pindi mnunuzi anapotaka kampuni nzima, ambayo mawakili huieleza kama haki ya kuburuta, haki ya mwenye hisa chache kuandamana na mwenzake anayeuza, ili asiachwe peke yake na mgeni, haki ya kuwa wa kwanza kulipwa kampuni ikiuzwa au ikivunjwa. Zikikaa kwenye mkataba tu bila kuingizwa katika katiba, uhai wake unategemea uhai wa walioandikiana.

Turudi Miritini, kwenye ile picha ukutani. Mwanzilishi alifariki mwaka 2021. Hisa zake asilimia 60 zimeingia kwenye mirathi, na warithi ni wajane wawili na watoto saba, mmoja wao yuko Dubai na hajajibu barua. Hakuna hata mmoja wao aliyetia sahihi mkataba wa wanahisa. Kama haki ya kuburuta imeandikwa kwenye katiba, warithi wanazipokea hisa pamoja na mzigo wake. Kama haimo, mfuko utalazimika kutegemea lile sharti, kama wakili wa mwaka 2014 alilikumbuka, linalosema kwamba mkataba unawafunga pia warithi na wasimamizi wa mirathi, na kwamba hakuna atakayeandikishwa kuwa mwanahisa kabla ya kusaini hati ya kuukubali. Kampuni nyingi za Pwani ni za familia. Ajabu ni kwamba mikataba mingi inayoletwa huku imenakiliwa kutoka mahali ambapo mwanzilishi ni kijana wa miaka 30 na hafikiriwi kufa.

Kumuuzia mwenzako

Njia ya karibu kuliko zote ni mwenye kampuni mwenyewe kununua sehemu ya mfuko. Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa wazo lenyewe, kwa sababu shufaa wanaijua: mshirika ana haki ya kutangulizwa kabla mali ya ushirika haijauzwa kwa mgeni. Mikataba ya wanahisa ina shufaa yake. Mfuko ukipata mnunuzi, lazima kwanza umpelekee mshirika barua yenye bei na masharti yale yale, naye apewe siku kadhaa, tuseme 30, za kuamua. Katika soko zuri hilo ni jambo la utaratibu tu. Katika mdororo linageuka kuwa mwiba, maana mnunuzi wa nje hataki kutumia miezi na fedha kuikagua kampuni akijua kwamba mwishoni mtu mwingine anaweza kuichukua kwa bei aliyoitafuta yeye. Mfuko wenye busara humwomba mshirika aiachilie haki hiyo kwa maandishi kabla mnunuzi hajaanza kazi, na ukijibiwa "tutaona" unajua kwamba hauna mnunuzi.

Shufaa humpa mshirika ruhusa ya kununua, haimlazimishi. Cha kumlazimisha ni kipengele kingine, ambacho hapa nitakiita haki ya kuuzia: ndani ya muda uliotajwa, mfuko unaweza kumwambia mwenzake anunue hisa zake zote kwa bei inayopatikana kwa kanuni iliyokubaliwa. Kila kitu kinategemea kanuni hiyo. Tuifanyie hesabu. Kanuni ya kwanza inasema kampuni ithaminiwe kwa kuzidisha mara 6 faida yake kabla ya riba, kodi na uchakavu, kisha deni la benki liondolewe. Yadi yetu sasa inapata shilingi milioni 150 kwa mwaka, mara 6 ni milioni 900, ondoa deni la milioni 400, inabaki milioni 500, na asilimia 40 yake ni milioni 200. Kanuni ya pili inasema mfuko urudishiwe ulichoweka pamoja na asilimia 15 kwa mwaka, ikijilimbikiza. Shilingi milioni 870 kwa miaka 10 zinakuwa takriban bilioni 3.5.

Kwa kampuni ile ile na siku ile ile, kanuni moja inatoa milioni 200 na nyingine bilioni 3.5. Ya kwanza haimtoshi mfuko, ya pili haipo mfukoni mwa mtu yeyote Miritini. Kanuni ya pili ina tatizo jingine ambalo mwanzilishi Mwislamu angeliona kabla ya wakili wake: mtaji uliodhaminiwa pamoja na nyongeza iliyodhaminiwa unanukia mkopo wenye riba, hata ukivishwa kanzu ya hisa. Hata nje ya mlango wa dini, upande wa pili unaweza kuigeuza hoja hiyo na kudai kwamba mkataba kwa kiini chake ni wa mkopo, na kwamba makubaliano mengine yote yasomwe hivyo.

Nani hasa analazimishwa kununua? Kama ni kampuni yenyewe, sheria inaweka ukuta. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni inaponunua hisa zake yenyewe inapaswa kwa kawaida kulipa kutoka katika faida inayoweza kugawiwa, au kutoka katika fedha za hisa mpya zilizotolewa kwa ajili hiyo. Kampuni ya binafsi inaweza kugusa mtaji wake, lakini kwa utaratibu mkali ambao wakurugenzi hutangaza kwa maandishi kwamba kampuni itaweza kulipa madeni yake. Sababu yake inaeleweka: mtaji ni kinga ya wadai, na wenye hisa hawapaswi kujitanguliza kwa mlango wa nyuma. Kampuni iliyobeba hasara za miaka minne haina faida ya kugawa, na mkurugenzi mwenye akili timamu hatatia sahihi tangazo hilo. Kwa hiyo haki ya kuuzia iliyoelekezwa kwa kampuni huwa na nguvu wakati haihitajiki, na hulegea siku inapohitajika.

Ikielekezwa kwa mwanzilishi binafsi, ukuta huo haupo, ila linakuja swali la uwezo. Mfuko makini huwa umechukua rehani juu ya hisa za mwanzilishi, au juu ya mali yake nyingine. Nyumba ya familia haifai kutegemewa ovyo, kwa kuwa rehani juu ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke au mume haisimami. Bila dhamana yoyote, mfuko unabaki mdai kama wadai wengine, na hukumu mkononi.

Kati ya njia ya kulazimishana na njia ya kusubiri ipo ya katikati, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kampuni za familia. Katika fedha za Kiislamu huitwa musharaka inayopungua: mshirika mmoja humnunua mwenzake kidogo kidogo, kila awamu kwa bei yake, mpaka anabaki peke yake. Kwa mfuko, hilo linaandikwa kama mauzo ya awamu kwa miaka mitatu au minne, kila awamu ikifungwa kwa malipo, na hisa zisizolipiwa zikibaki na kura zake. Meneja wa mfuko atalalamika kwamba kalenda yake haimruhusu. Hapo ndipo anaporudi kwa wenye fedha kuomba muda, jambo nitakalolirudia.

Kumuuzia mgeni

Mnunuzi wa nje, akipatikana wakati wa mdororo, ananunua kwa bei ya chini na anataka kinga nyingi. Atataka sehemu ya bei ilipwe baadaye iwapo faida itafikia kiwango fulani. Atataka kiasi fulani kiwekwe kwenye akaunti ya mtu wa tatu kwa miezi 18 ili kifidie kasoro zitakazojitokeza. Atataka haki ya kujitoa kabla ya kukamilisha kama kampuni itapatwa na mabadiliko makubwa mabaya. Mfuko unaofungwa mwakani hauwezi kukubali yote hayo, kwa kuwa ukishagawa fedha kwa wenyewe hautakuwapo tena wa kudaiwa. Ndiyo maana mifuko huuza kwa ahadi chache sana: hisa ni zangu, nina mamlaka ya kuziuza, basi. Mengine huachiwa bima au yakatwe kwenye bei.

Lakini kabla ya kubishana kuhusu bei, kuna suala la nani anaruhusiwa kununua, na hapa Mombasa suala hilo lina sura yake. Mnunuzi wa asili wa yadi ya makontena ni kampuni ya meli, yenye makontena, wateja na fedha. Hata hivyo kifungu cha 16 cha Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 kinawazuia wenye meli kuendesha huduma kadhaa za nchi kavu, zikiwemo uwakala wa forodha na yadi za makontena. Kifungu hicho kimewahi kurekebishwa kwa ajili ya kampuni ambazo serikali ina hisa ndani yake, lakini kwa yadi ya kawaida ya Miritini mnunuzi tajiri kuliko wote anabaki nje ya lango.

Mtego mwingine uko kwenye ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka kibali cha bodi ya eneo si kwa mauzo ya shamba tu, bali hata kwa uhaulishaji wa hisa za kampuni ya binafsi inayomiliki ardhi ya kilimo. Maombi yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana, na bila kibali mauzo ni batili. Tuseme yadi yetu mwaka 2016 ilinunua ekari 30 kule Mariakani kwa matumaini ya kupanua, na hakuna aliyebadilisha matumizi yake. Kwa ekari hizo 30 zenye mikorosho na mbuzi, mauzo ya kampuni nzima ya makontena yanaingia mbele ya bodi ya ardhi, na kama mnunuzi si raia, au ni kampuni yenye wanahisa wasio raia, bodi haina budi kukataa isipokuwa kuna msamaha maalumu. Dawa ni kuitoa ardhi hiyo kwenye kampuni mapema, au kubadilisha matumizi yake, na yote mawili huchukua muda ambao mfuko hauna.

Juu ya hayo kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo idhini yake inahitajika udhibiti wa kampuni yenye ukubwa fulani unapobadilika mikono. Kwa kawaida mdororo husaidia kidogo hapa. Mnunuzi anayeshindana na kampuni inayouzwa anaweza kueleza kwamba kampuni hiyo itakufa isiponunuliwa, na kwamba ikifa ushindani utapotea vilevile. Ni hoja inayosikilizwa, lakini inataka vitabu vya hesabu vinavyoonyesha kifo hicho kweli, na muuzaji hafurahii kuviweka mezani wakati bado anapigania bei.

Kodi nayo ina kichekesho chake kichungu. Kodi ya faida ya mtaji ilirudishwa Kenya mwaka 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Inapimwa kwa shilingi. Mfuko wetu ukiuza kwa shilingi bilioni 1 kitu ulichonunua kwa milioni 870, umepata faida ya milioni 130, na kabla ya kutoa gharama kodi yake ni milioni 19.5. Kwa dola, mfuko huo huo umepata milioni 7.7 pale ulipoweka milioni 10. Umepoteza karibu robo ya fedha zake na unalipa kodi ya faida. Zamani mifuko ilikwepa hilo kwa kuuza kampuni mama iliyosajiliwa Mauritius badala ya kuuza hisa za Kenya, lakini tangu Sheria ya Fedha ya 2023 mauzo ya namna hiyo ya nje yanaweza kutozwa kodi Kenya pale muuzaji anapokuwa na asilimia 20 au zaidi ya kampuni ya hapa. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa hisa zisizo sokoni humwangukia mnunuzi, naye huukumbuka anapotaja bei.

Soko la hisa nalitaja kwa kuwa kila mpango wa biashara hulitaja. Hisa zinazouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi hazitozwi kodi ya faida ya mtaji, na kampuni ya simu ya Safaricom ilipoingia sokoni mwaka 2008 kwa shilingi 5 kwa hisa, watu walipanga foleni mpaka nje ya benki. Yadi ya Miritini wakati wa mdororo si Safaricom.

Kununua muda

Kama hakuna mnunuzi, meneja anaweza kuwaomba wenye fedha wauongezee mfuko uhai. Akikataliwa, au muda wa nyongeza ukiisha, ipo njia ambayo imekuwa maarufu miaka ya karibuni: meneja huanzisha mfuko mpya wenye wawekezaji wapya, na mfuko mpya huinunua ile kampuni kutoka kwa mfuko wa zamani. Wenye fedha wa zamani huchagua kulipwa sasa au kuhamia upande wa pili. Kisheria kasoro iko wazi kama jua la saa saba. Mtu yule yule anauza na ananunua. Kwa hiyo inatakiwa bei iliyothibitishwa na mthamini asiye wake, ridhaa ya kamati ya ushauri ya wawekezaji baada ya kuelezwa kila kitu, na muda wa kutosha wa kuchagua. Pasipo hayo, bei ikija kuonekana ilikuwa ndogo, waliolipwa watarudi na kesi.

Pia kuna siku mfuko wenyewe ndio unaoanguka, si kampuni. Abraaj ya Dubai ilinunua mikahawa ya Java House mwaka 2017. Juni mwaka uliofuata Abraaj iliomba kuwekwa chini ya wafilisi wa muda katika Visiwa vya Cayman. Mikahawa iliendelea kuuza kahawa kama kawaida. Kilichobadilika ni nani anausimamia mfuko uliokuwa ukiimiliki, na baadaye mikahawa hiyo ikapata mwenyewe mwingine. Kwa mwanzilishi wa kampuni fundisho ni la kimkataba: akague kama ana haki yoyote iwapo meneja wa mwekezaji wake atabadilika, kwa maana anaweza kuamka akiwa na mshirika asiyemchagua.

Foleni ya wadai

Ikiwa kampuni imeelemewa kabisa, tunaondoka katika sheria ya mikataba na kuingia katika Sheria ya Ufilisi ya 2015. Zamani tulizoea kusikia meneja mrasimu amewekwa na benki, akauza alichoweza, akalipa benki na kwenda zake. Sheria ya sasa inapendelea msimamizi mwenye jukumu pana zaidi, anayeanza kwa kujaribu kuiokoa kampuni ikiendelea kufanya kazi. Anaweza kuwekwa na mahakama, na kampuni au wakurugenzi wake, au na mdai mwenye dhamana iliyofunika mali zote za kampuni kwa jumla, ambaye mara nyingi ni benki. Tangu siku hiyo wadai hawawezi kukamata mali wala kuendesha kesi bila ruhusa, kwa muda wa kwanza wa miezi 12.

Mwenye hisa anasimama wapi? Nyuma ya foleni. Mbele yake wamo wenye dhamana, gharama za usimamizi, wafanyakazi kwa mishahara yao hadi kiwango kilichowekwa, na wadai wa kawaida, mpaka yule anayewauzia dizeli ya mashine. Na huyo wa dizeli asidharauliwe. Deni la shilingi 100,000 tu, likidaiwa kwa hati rasmi na kukaa siku 21 bila kulipwa, linatosha kuwa ushahidi kwamba kampuni haiwezi kulipa madeni yake, na kumfungulia mlango wa kuomba ivunjwe. Mazungumzo ya kuuza hisa yaliyochukua miezi 8 yanaweza kukatika kwa ankara ya dizeli.

Pwani ilishuhudia hili kwa macho. ARM Cement, yenye kiwanda Kaloleni, ilikuwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu 1997. Mwaka 2016 CDC, shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza ambalo sasa linaitwa British International Investment, liliweka dola milioni 140 na kupata zaidi ya asilimia 40 ya hisa. Agosti 2018 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi. Mwaka 2019 mali zake za Kenya zilikubaliwa kuuzwa kwa National Cement kwa takriban dola milioni 50, na biashara yake ya Tanga ikaenda kwa kampuni ya Kichina ya Huaxin. Mwekezaji mmoja aliweka karibu mara tatu ya bei ya mali zote za Kenya, na kwa kuwa aliziweka kama hisa, wadai wote walitangulia mbele yake.

Ndiyo sababu mifuko hupenda kuingiza sehemu ya fedha kama mkopo kwa kampuni, ili siku ya mashaka isimame pia kwenye foleni ya wadai. Hila hiyo inafaa mpaka pale benki inapodai, kama inavyodai karibu kila mara, kwamba mikopo ya wanahisa isilipwe kabla yake. Na tahadhari: mfuko wenye mkurugenzi kwenye bodi ukijilipa mkopo wake wakati kampuni inazama, msimamizi ana uwezo wa kurudi nyuma na kuomba malipo hayo yatenguliwe, na muda anaoruhusiwa kurudi nyuma ni mrefu zaidi kwa watu wa ndani kuliko kwa wa nje. Mkurugenzi aliyeteuliwa na mfuko ana wajibu kwa kampuni, si kwa aliyemteua. Karibu na ufilisi, kumbukumbu za mikutano ya bodi ndizo zitakazosema kama aliukumbuka wajibu huo.

Barua ielekezwe kwa nani?

Mfuko unaweza pia kwenda mahakamani. Kifungu cha 780 cha Sheria ya Kampuni kinamruhusu mwanahisa anayeonewa kuomba nafuu, na nafuu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mkubwa amnunue mdogo kwa thamani ya haki. Neno muhimu hapo ni kuonewa. Kupata hasara kwa sababu reli imejengwa si kuonewa. Kama mkataba unasema migogoro iende kwa wasuluhishi, Mahakama Kuu itasimamisha kesi na kuwarudisha huko, na uamuzi ukitolewa London unaweza kutekelezwa hapa, kwani Kenya iliingia Mkataba wa New York, unaohusu kutambua maamuzi ya wasuluhishi wa nje, mwaka 1989.

Kwa mfuko wa Miritini, hata hivyo, kilichobaki cha thamani ni ile haki ya kuuzia iliyoelekezwa kwa mwanzilishi binafsi, kwa kanuni ya kwanza, yaani shilingi milioni 200. Mkataba unasema itumike kati ya Januari 1 na Juni 30 ya mwaka wa 10, kwa barua iliyowasilishwa kwa mkono katika anwani iliyotajwa. Anwani ni ya nyumba ya Kizingo iliyouzwa. Aliyetajwa ni marehemu. Jukumu lake halikufa naye. Sheria ya urithi, na fikihi kabla yake, huweka deni mbele ya mgao wa warithi. Lakini deni halijazaliwa mpaka barua itumwe, na barua haina wa kuipokea, kwa sababu miaka mitatu baada ya mazishi familia haijakubaliana nani aombe usimamizi wa mirathi, kwa Kadhi au kwa Mahakama Kuu.

Sheria ya Urithi ya Kenya ina jibu lisilotumiwa sana. Kifungu cha 66 kinapanga nani anafaa kupewa usimamizi wa mirathi: mjane au mjane mwanamume, kisha warithi wengine, kisha Mdhamini wa Umma, na mwishoni wadai. Anayedai anaweza kwanza kuwaita wenye haki ya kumtangulia wachukue jukumu hilo au wakatae. Tatizo ni kwamba mfuko utaulizwa: wewe ni mdai gani, na barua hujaituma? Wakili wao ameandika nakala tisa za barua hiyo, moja kwa kila mjane na kila mtoto, pamoja na ya Dubai, na nyingine ya kubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya yadi, chini ya ile picha. Leo ni Juni 11.